Vitambaa Kwenye Waya wa Kambi

Jumatano, 2 Machi 2022

Sista Nabasa wa zahanati ameniambia niandike tarehe kila damu ya mwezi ikija. Nimenunua daftari sokoni Bwera, lina picha ya twiga juu. Lakini damu haijaja, na daftari limelala mezani halina kazi. Basi nitaandika mengine mpaka ije.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi ni Mkonzo wa Mahango, Okello, bwana yangu, ni Mwacholi. Tungengoja mmoja wetu ajue lugha ya mwenzake, mtoto wetu Aryemo asingezaliwa. Sasa ana miaka miwili na anauma watu.

Okello amevuka Congo na wanajeshi wenzake kabla ya Krismasi. Mimi korona ilinishika mara tu baada ya lori lao kuondoka. Nililala ndani ya nyumba hii ya bati, ya duara kama debe, nikivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima wa kwetu. Jirani yangu Mama Sam, mke wa Odoch, alimchukua Aryemo, na mimi akanipikia uji. Kikombe alikisukuma mlangoni kwa mti wa ufagio, halafu anakimbia. Nilipona. Lakini nywele zilibaki kwenye kitana, nguo zote zikanipwaya, na damu ya mwezi ikaenda isirudi.

Naomba irudi. Nataka Aryemo apate mdogo wake. Mke wa askari hajui ana muda gani.

Jumamosi, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Juu ya bati ni kama watu wanamwaga karanga. Aryemo alicheza humo mpaka akawa rangi ya udongo.

Jumatatu, 14 Machi

Hakuna kitu. Posho ya mahindi na maharage.

Ijumaa, 18 Machi

Lazima niandike habari ya waya.

Nyuma ya safu yetu ya nyumba kuna waya mmoja wa kuanikia nguo, kila mke ana sehemu yake. Pedi ni za wake wa maofisa; sisi tunatumia vitambaa. Tunavianika upande wa choo na kuvifunika kwa kitenge. Ni adabu tu, maana hakuna asiyejua. Hata mwanamume akiona kitenge kimening'inia upande ule anajua mwenye sehemu hiyo yuko kwenye siku zake.

Leo bombani kulikuwa na foleni. Yudaya, mke wa sajenti, anayeuza mandazi, aliweka mtungi wake chini akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Mama Aryemo, ile pande yako ya waya imekauka kabisa. Buibui imejenga huko."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane mwoga.

"Bwana yako iko Congo tangu mwaka jana," akasema. "Hiyo kitu ya tumbo ni ya nani? Ya malaika?"

"Ni ya posho."

"Posho gani inajaza mutu tumbo na mikono inabaki mifupa?"

"Muache," Mama Sam akasema. "Mutoto ya watu ametoka kwa ugonjwa." Lakini hata yeye alinitazama tumboni kidogo. Nilimwona.

Mwaka jana ilikuwa Mastula, wa nyumba ile ya mwisho. Maneno yalianza hivi hivi, bombani, kwa kicheko. Bwana yake aliporudi aliyakuta yameshaiva. Godoro la Mastula lilitupwa barabarani, na watoto wake wakapandishwa basi kwenda kwa nyanya yao Lira. Alikimbia nyuma ya basi mpaka kiatu kikakatika. Sisi wote tulisimama tukitazama.

Leo nimempakata Aryemo mpaka akalia niache.

Jumapili, 20 Machi

Nilikuwa namenya matoke. Utomvu ulinijaa mikononi, nikajifuta kwa kitambaa cha zamani bila kufikiri. Kila Mkonzo anajua: utomvu wa ndizi ukikauka kwenye nguo unakuwa kahawia, hata ukifua kwa sabuni ya mche na majivu hautoki. Nililiangalia lile doa. Likaniangalia.

Nikachukua vitambaa vyangu vya siku zile, vile ambavyo vimekaa kwenye boksi tangu Desemba. Nikavipaka utomvu katikati, nikavikausha juu ya sigiri, nikavifua bombani watu wakiona, nikavianika.

Yudaya alipita na mandazi yake. "Eh! Kumbe mvua imefika huko pia."

"Imefika," nikasema.

Niliona haya, halafu nikacheka peke yangu ndani. Ni ndizi tu. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua. Mvua. Nyumba ya jiko inavuja.

Jumanne, 5 Aprili

Zahanati. Sista Nabasa alipima mkojo: hakuna mimba. Alivuta kope yangu ya chini akatikisa kichwa.

"Mweupe kama karatasi. Unakula nini?"

"Posho, Sista."

"Na maharage?"

"Maharage ni ya Aryemo."

Alivua miwani. Anaponena na mtu anavua miwani, anapoandika anaivaa. "Sikia, Vasta. Korona ilikula akiba yako yote. Mwili ukiona akiba imekwisha unafunga duka moja, lingine lifanye kazi. Hedhi ndiyo duka la kwanza kufungwa. Hujalogwa wala hujaharibika. Akiba ikirudi, linafunguliwa."

"Lini?"

"Kwa wengi linafunguka. Siku siwezi kukuambia, mimi si nabii. Ikichelewa sana, nitakuandikia uende Kasese wakupime zaidi. Kula maharage, kula mayai na mchicha, samaki ukipata. Meza hizi dawa za damu. Lala. Na hofu uiweke chini, inakula kuliko minyoo."

Nikamuuliza habari ya dawa ya mizizi, ile wanayouza sokoni ya kuteremsha damu.

"Kunywa uone. Nitakuchapa mimi mwenyewe mbele ya foleni." Akavaa miwani. "Bwana anajua?"

"Hajui."

"Mwambie."

Nitamwambia akija. Kwa simu siwezi, simu ya kule inapita mikono ya watu. Nimerudi na mayai ndani ya mfuko, nikitembea kama nimebeba mtoto mchanga.

Jumamosi, 16 Aprili

Asubuhi nilianika vitambaa tena, vya ndizi, kwa sababu ilikuwa imefika wakati wa kuvianika. Vilikuwa bado vinadondosha maji niliposikia lori.

Amekuja! Amepewa ruhusa ya Pasaka, yeye na Odoch, wanarudi Jumatatu. Amekonda, amechomwa na jua mpaka masikio. Aryemo hakumjua, alikimbia akajificha kwa Mama Sam. Okello alipiga magoti pale matopeni na buti zake, akaita taratibu, "Aryemo. Aryemo, mimi ndiye yule wa picha," mpaka mtoto akaja akamgusa pua.

Halafu alikwenda nyuma, karibu na waya, kunawa. Alipoingia ndani alikuwa amepunguza kicheko.

"Uko kwa siku zako?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu kwa Sista. Lakini Yudaya alikuwa nje anakaanga mandazi, na bati halizuii hata kikohozi. Niseme nini? Kwamba sijaona siku zangu tangu aondoke? Kwamba vitambaa ni vya uongo? Nilimwona Mastula na kiatu chake.

"Ndiyo," nikasema.

Kambi hii ina makabila yote, na kila siku yanagombana, lakini hili wanakubaliana: mtu anayerudi kwenye bunduki halali na mwanamke aliye kwenye siku zake, wala hali chakula cha mkono wake. Akifanya hivyo analeta kifo kwa wenzake.

Okello alichukua mkeka akautandika upande wa mlango. Odoch alipita akamwona.

"Corporal! Umewekwa kwa guard?"

"Nyamaza wewe," Okello akasema, lakini alicheka.

Jumapili, 17 Aprili. Pasaka

Alikula kwa Mama Sam. Nilimsikia akicheka huko. Mimi nilikula yai langu.

Jumatatu, 18 Aprili

Wameondoka. Niliamka mapema nikapika bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, yangu na ya Aryemo. Okello alikuwa ameshavaa, na buti. Alisimama juu ya sufuria akanusa.

"Nipe."

"Baba Aryemo, hii ni ya mkono wangu."

"Nipe, mama. Nimekula mkebe tangu Krismasi. Hayo mambo ya wazee yatanipata nikiwa nimeshiba."

Aliketi mlangoni akala kwa vidole vitano. Odoch alikuja kumwita akashika kichwa.

"Okello! Unakula hiyo? Utatumaliza!" Halafu akanusa na yeye. Mtu wa watu, Odoch. "Basi leta. Kama ni kufa, tukufe na tumbo imejaa."

Mama Sam alipiga kelele kutoka mlangoni kwake, "Odoch, wacha!" Yeye alimfanyia mdomo wa kutafuna, kama mbuzi. Iliyobaki Okello aliifunga kwa jani la mgomba akaitia mfukoni. Wakaenda wakisukumana kama watoto wa shule.

Ningesema hata hapo. Nilisimama na mwiko.

Jumamosi, 23 Aprili

Mvua haijakatika tangu waende. Wanasema barabara za ng'ambo zimekuwa uji.

Jumanne, 26 Aprili

Afande alikuja akitembea taratibu, na wale wa ofisini wawili nyuma yake. Wanawake wote tulitoka milangoni. Unaomba asimame kwa mwingine, Mungu atusamehe, kila mmoja anaomba hivyo. Alisimama kwa Mama Sam akavua kofia.

Lori liliteleza kwenye daraja la magogo siku ile ile waliyoondoka, likalala mtoni; barabara na simu vilikatika, habari imefika leo tu. Odoch alikuwa chini yake.

Mama Sam hakulia kwanza. Alisema, "Nguo zake ziko kwa waya, hazijakauka," mara nyingi, kama mtu anayejibu swali.

Halafu afande akanigeukia. Okello ni mzima, amevunjika mguu, wanamleta hospitali Kasese. Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa sauti, na Mama Sam akanisikia.

Alhamisi, 28 Aprili

Wanawake wamekaa kwa Mama Sam kwenye mikeka. Nilikwenda na sukari. Nilipoingia walivuta miguu, nisiiguse. Yudaya ndiye aliyesema.

"Walikula mukono ya mwanamke yenye damu. Sisi wote tuliona waya."

Mama Sam aliinua macho. Huyu ndiye aliyenipa uji wakati hata mama yangu hakuweza kushuka Mahango.

"Ulimpa?"

"Alichukua mwenyewe."

"Uko kwa siku zako, na unaangalia tu bwana yangu anakula?"

Mdomo wangu ulikuwa na jibu. Sikuwa na damu, Mama Sam. Lakini jibu lile lina lingine nyuma yake: kama hukuwa na damu, mimba ni ya nani? Nilijitengenezea mlango wa kutokea, sasa umenifungia ndani. Niliweka sukari chini nikatoka. Jioni nilifungua mlango wangu nikakuta sukari imerudishwa, imewekwa kizingitini.

Jumapili, 1 Mei

Kasese. Teksi ilisimama Kikorongo, wale akina mama wa barabarani wakatuingizia samaki dirishani. Nilinunua mmoja wa Okello. Aryemo alimwimbia samaki mpaka Muhokya.

Mguu wa kushoto hawakuuokoa. Unaishia chini ya goti. Shuka imelala pale mahali pake, bapa. Aryemo alipapasa, akaangalia chini ya kitanda.

Okello hakugusa samaki.

"Mimi ndiye nilimlisha," akasema. "Kwa lori nilifungua lile jani. Odoch alisema imetosha. Nikamkatia kipande, nikamwambia wewe ni mwoga. Walipomtoa majini jani lilikuwa bado mkononi."

"Baba Aryemo..."

"Si wewe. Wewe ulinieleza wazi, uko kwa siku zako. Hukuficha. Mimi ndiye nilidharau." Aligeuza uso kwa ukuta. "Mguu ni kidogo. Ningelipa yote miwili."

Ulinieleza wazi. Neno hilo nimerudi nalo njia nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza, mtoto analia, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Hizo ndizo sababu zangu. Naziandika nizione zilivyo ndogo.

Jumatano, 4 Mei

Silali. Sista alisema niiweke hofu chini. Chini hakuna nafasi.

Ijumaa, 6 Mei

Nilimwacha Aryemo kwa Sista Nabasa nikaenda Kasese peke yangu. Sikukaa kwenye kiti. Nilisema nikiwa nimesimama, kabla ya salamu.

"Sikuwa na damu."

"Nini?"

"Pasaka. Sikuwa kwa siku zangu. Sijaona damu tangu korona. Mimba hakuna, Sista alipima. Yudaya alianza maneno ya mimba, nikaogopa, nikapaka vitambaa utomvu wa ndizi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Utomvu wa ndizi," Okello akasema.

"Ndiyo."

"Chakula kilikuwa safi?"

"Kilikuwa safi. Odoch aliuawa na matope, Baba Aryemo. Na magogo mabovu. Si mkono wangu, na si wako."

Alifunika macho kwa kiganja. Mabega yalianza kutikisika, sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Alipoweza kusema, alisema kwa hasira:

"Na mimi nimelala kwa mkeka! Ruhusa yote ya Pasaka, nimelala mlangoni kama mbwa, kwa sababu ya ndizi!"

"Nisamehe."

"Siwezi leo." Aliivuta shuka juu ya goti. Halafu akauliza, "Wewe uko mgonjwa namna gani? Mbona hukuniambia?"

Nikamweleza habari ya duka na akiba. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza redio. Niliponyanyuka kwenda alisema, bila kunitazama, nimpe yule samaki wa siku ile kama bado yupo. Hayupo, wauguzi walimtupa. Nitaleta mwingine.

Jumatatu, 9 Mei

Mama Sam amerudi kutoka kumzika Odoch kwao. Amekuja kufunga vitu, mjane hakai kambini.

Nilibeba mkungu wa matoke, kisu na kitambaa cheupe, nikaenda bombani wakati wa foleni. Nikaketi chini katikati yao nikaanza kumenya. Walidhani nimerukwa na akili. Nikajifuta utomvu kwa kitambaa, nikakianika juani juu ya mtungi. Tulikitazama wote kikigeuka kahawia.

"Hiyo ndiyo damu mliyoiona kwa waya," nikasema. "Ile ya Machi. Na ile ya Pasaka."

Yudaya ndiye wa kwanza, kama kawaida. "Basi tumbo ni ya nani?"

Nilisimama nikavuta gauni nyuma kwa mkono, likanibana. "Angalia. Mimba ya tangu Krismasi iko wapi? Imejificha mgongoni? Korona ilinikausha, Yudaya. Nenda kwa Sista akueleze, au kaa hapo useme. Lakini Okello hakumuua mtu."

Hakuna aliyecheka. Mama Sam alikuja akachukua kitambaa, akakinusa.

"Nimelaani bwana yako kwa kaburi," akasema. "Mbele ya watu wao. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikitupa kwenye matope akaingia kwake.

Alhamisi, 19 Mei

Mama ametoka Mahango na karanga, maharage mapya, na mayai ndani ya majani makavu ya mgomba. Alinilisha kama kuku wa kuuza. Yudaya ananiuzia mandazi bila neno. Bombani wengine wananipisha, wengine wananipa mgongo.

Ijumaa, 27 Mei

Kasese. Okello anajifunza magongo. Alianguka, akatukana kwa Kiacholi, akasimama. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. "Nini?" Akataka kujua kila kitu.

Jumamosi, 4 Juni

Mvua imekuwa chache. Tumbo la chini linavuta kidogo. Labda maharage.

Jumatano, 8 Juni

Imekuja.

Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia joto. Ni kidogo, nyeusi-nyeusi, lakini ni yangu. Nilikaa chini sakafuni nikalia, Aryemo akanipa kijiko chake. Nimeandika tarehe mahali pake kama Sista alivyosema.

Kwa kambi nzima hii si habari. Wameona vitambaa vyangu vya uongo msimu mzima, sasa vya kweli nani ataviamini? Nilivifua bila haraka. Nikavipeleka upande wa choo, nikavianika chini ya kitenge.

Mama Sam alikuwa kwenye waya. Lori lake ni kesho asubuhi. Tangu siku ya matoke hajanisemesha. Alisimama akiangalia maji yanayodondoka.

"Ni ndizi?"

"Si ndizi."

Alikuja, akafunua kitenge kwa vidole viwili, akaangalia kama mama anavyoangalia kidonda cha mtoto.

"Hapa kuna kivuli," akasema. "Haitakauka vizuri, itakuletea ugonjwa ingine."

Halafu akaenda pale katikati, kwenye sehemu yake, penye jua, palipokuwa na shati moja la Odoch tangu asubuhi. Akalitoa, akalikunja mikono ndani, akaliweka kifuani. Akanipisha.